Mazulia Kumi na Mawili ya Aina Moja

Hesabu ilikuwa kumi na mawili, na kumi na mawili ndiyo yaliyokuwa ghalani. Kwa hiyo Nurperi hakuelewa mara moja kosa lilikuwa wapi. Alikuwa ameyashusha mazulia kutoka kwenye rafu moja baada ya jingine, ameyakunjua sakafuni ili ayapige brashi kabla ya kuyafunga, na sasa yalikuwa yamelala mbele yake kuanzia mlangoni hadi ukutani. Sita yalikuwa na nakshi ya pembe za kondoo za rangi ya kahawia juu ya sufu nyeupe. Sita yalikuwa na pembe nyeupe juu ya sufu ya kahawia. Mkononi alishika simu iliyoonyesha agizo la mteja, na katika agizo hilo kulikuwa na picha moja tu, ya zulia jeupe lenye pembe za kahawia. Chini ya picha paliandikwa kumi na mawili, na chini ya hapo pakaandikwa kwamba yamekwisha kulipiwa.

Katika bonde lote la At-Bashy hakuna mwanamke anayekata zulia moja. Tabaka mbili za sufu iliyoshindiliwa, nyeupe na ya kahawia, hulazwa moja juu ya nyingine, mchoro huchorwa kwa kipande cha sabuni, na kisu kimoja hupita katika zote mbili. Pembe zilizokatwa katika nyeupe huingizwa penye matundu ya kahawia, na za kahawia huingizwa penye matundu ya nyeupe, wala hakibaki kipande cha kutupa. Hivyo huzaliwa mazulia mawili saa moja, na anayeulizwa ameshona nini husema ameshona zulia. Mwaka uliopita, mfumo wa kuendesha tovuti yao ya mauzo ulipomuuliza Nurperi bidhaa ile ina idadi gani, alijaza kumi na mbili bila kufikiri, kama vile mtu angejaza kuwa ana mikono miwili. Picha aliyoiweka ilikuwa ya zulia lililokuwa juu ya rundo.

Aliifungua tena barua ya mteja, Bi Ragnhild wa Norwei, mwenye nyumba ya wageni mlimani. *Vyumba vyangu ni kumi na viwili na nataka vyote viwe sawasawa kabisa,* aliandika. *Wageni wangu hutembeleana vyumbani, nami nimechoka kusikia kwamba cha mwenzao ni kizuri zaidi.*

Siku ile ilikuwa Jumatatu. Lori la kwenda Bishkek, mji mkuu, lilikuwa lipite Alhamisi.

*

"Wewe umekaa ghalani unayaombea dua?" aliuliza Apa alipomwona akiingia chumba cha kazi mikono mitupu. Apa alikuwa mama mkwe wake. Jina lake halisi Nurperi hakuwahi kulitamka kwa miaka tisa, kwa kuwa mke hatamki majina ya wakubwa wa mumewe. Hata kwenye tovuti, mahali pa jina la fundi, alikuwa ameandika *Mama*, na mteja mmoja aliwahi kuuliza kama hiyo ni kampuni.

Nurperi alieleza. Alieleza polepole, akionyesha kwa viganja vyake viwili, na dada Sairakan, jirani aliyekuja kushona kila siku, akaacha sindano ikiwa nusu ndani ya sufu.

"Sijaelewa kosa liko wapi," alisema Apa. "Ameagiza kumi na mawili. Tunayo kumi na mawili."

"Ameona picha ya moja, Apa. Anataka yote yafanane na ile."

"Yanafanana. Ni zulia lile lile. Lile limevaa koti, hili limeligeuza."

"Kwa Mnorwei sio lile lile."

"Basi huyo Mnorwei ana macho ya namna gani?" alidakia Sairakan. "Ukizaa mapacha, mmoja akalala kifudifudi, utasema huyu si wangu?" Akacheka mwenyewe, kisha alipoona hakuna anayemfuata akamgeukia Nurperi kwa upole wenye mwiba. "Lakini mkamwana wetu ndiye aliyesoma chuo. Sisi tunajua kukata tu. Kuhesabu tumemwachia yeye."

Nurperi alitazama dirishani. Alikuwa akifikiria kwamba sufu ya kukatia mengine sita ilikuwa bado haijashindiliwa, na kwamba kazi hiyo hufanywa kwa maji ya moto na jua la kiangazi, na kwamba nje ya dirisha theluji ya kwanza ilikuwa imekwisha kushuka hadi kwenye mashamba ya nyasi.

*

Emilbek, mume wa Nurperi, alirudi adhuhuri, shati limejaa vumbi la makaa ya mawe aliyokuwa ameyashusha, tani tatu, ya kutosha msimu wote. Alinawa, akala viazi na nyama bila kuketi vizuri, akasikiliza hadithi yote kutoka kwa mkewe, kisha akasema, "Rudia pale pa pesa."

"Zulia moja ni som elfu thelathini na nane. Kumi na mawili ni laki nne na elfu hamsini na sita. Akiyakataa sita, ni kurudisha laki mbili na elfu ishirini na nane."

"Na zilizobaki benki?"

Alijua zilizobaki. Wote wawili walijua. Makaa yalikuwa yamelipiwa, manyoya ya kondoo ya kazi ya mwaka ujao yalikuwa yamelipiwa, Sairakan na wenzake walikuwa wamechukua haki yao. Na elfu sabini za malipo ya awali alikuwa amezirudisha yeye Emilbek kwa mikono yake, kwa Melis, msimamizi wa kikosi cha ujenzi, ili jina lake lifutwe katika orodha ya watu wa kwenda Urusi. Siku ile alirudi nyumbani akipiga mluzi. Majira matatu ya baridi mfululizo alikuwa ameyapitisha huko, na aliporudi mara ya mwisho, binti yao Ainaz, aliyekuwa na miaka mitatu, alijificha nyuma ya Apa akauliza mgeni huyu atalala wapi.

"Nisikilize," alisema Emilbek. "Siendi tena. Nimekwisha kusema siendi."

"Hakuna aliyesema uende."

"Hesabu ndiyo inayosema."

*

Nurperi alimpigia simu Kubat, binamu wa mumewe, aliyekuwa akifanya kazi ya kompyuta mjini Bishkek na ndiye aliyewajengea tovuti. Aliiweka simu kwenye spika ili Emilbek naye asikie.

"Shemeji, si nilikwambia uweke aina?" alisema Kubat. "Mfumo una sehemu ya aina. Bidhaa moja, aina mbili, kila moja na idadi yake na picha yake. Ungetumia dakika tano."

"Uliniambia aina ni rangi na ukubwa. Rangi ni zile zile, Kubat. Nyeupe na kahawia. Na ukubwa ni ule ule. Nilitazama sehemu ile, nikaona hainihusu."

"Hilo," alisema Kubat, "hata mimi lisingenijia."

"Ule mfumo wa kukodi tulioukataa ungetuuliza?"

Walikuwa wamechagua pamoja, mezani hapo hapo, mbele ya Apa. Kubat alikuwa amewawekea njia tatu. Ya kwanza ilikuwa mfumo wa kukodi, ambao kila kitu kiko tayari na kuna watu wa kuulizwa, ila kila mwezi unalipa kwa dola, na ukichelewa duka linafungwa. Ya pili ilikuwa mfumo wa bure, ambao unaumiliki mwenyewe, unaupangishia nafasi mahali kwa bei ndogo, na kinachoharibika unakitengeneza wewe. Ya tatu, yeye Kubat awaandikie wao peke yao, lakini siku akipata kazi Korea wasimtafute. Apa ndiye aliyekata shauri. Alisema katika hema la kukodi huwezi hata kupigilia msumari wa kutundikia kofia. Wakachukua wa bure.

"Usingewauliza," alisema Kubat. "Mifumo yote inauliza swali lile lile, shemeji. Inauliza ngapi. Haiulizi mnakataje sufu." Kisha akashusha sauti, ingawa alikuwa peke yake. "Lakini sikiliza. Wa kwenu una jambo moja zuri. Ukurasa ni wako. Ingia, weka picha ya pili, andika yanauzwa sita na sita. Hifadhi. Mteja akilalamika, mwambie asome vizuri. Nani anakumbuka alichokiona mwezi uliopita?"

Emilbek alimtazama mkewe.

"Hapana," alisema Nurperi.

"Nimesema tu," alisema Kubat.

*

Barua aliiandika jioni ile kwenye daftari la Ainaz, kwa Kiingereza chake cha chuo cha ualimu, akafuta, akaandika tena. Asubuhi ya Jumanne aliipeleka shuleni alikokuwa akifundisha, kwa kuwa mtandao wa shule haukatiki ovyo, na baada ya kipindi cha pili akaituma. Alimweleza Bi Ragnhild jinsi kisu kimoja kinavyopita katika sufu mbili. Alikiri kwamba ukurasa ulionyesha zulia moja na idadi ya mapacha wote, na kwamba kosa hilo ni lake yeye, si la mteja. Akampa nafasi ya kuchagua: ayapokee sita na sita kwa bei iliyopunguzwa, au apokee sita sasa na mengine sita mwezi wa Julai.

Hakumwambia Emilbek. Alijua angesema, *Kwa nini unamfungulia mlango ambao hajaugonga?* Alitaka barua iwe imekwisha kwenda kabla ya neno hilo kusemwa.

Jibu lilifika Jumatano, alipokuwa akisahihisha madaftari. Alilisoma akiwa amesimama.

*Bi Nurperi, barua yako niliisoma mara mbili, na nakiri ilinigusa. Nilikuwa tayari kuyachukua sita na sita. Kisha nikafungua ukurasa wenu ili nimwonyeshe mume wangu kosa lenyewe. Kosa halipo. Kuna picha mbili, na kuna maneno yanayosema kwamba mazulia huuzwa nusu kwa nusu na kwamba pesa hazirudishwi. Lakini risiti ambayo tovuti yenu ilinitumia siku niliyolipa ninayo bado, na ndani yake kuna picha moja na hakuna maneno hayo. Sijui ni nani kwenu anayeandika barua na ni nani anayeandika ukurasa. Siwezi kuacha fedha mahali ambapo maneno hubadilika baada ya kulipiwa. Tafadhali nirudishieni zote.*

Nurperi aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi. Akaingia kwenye mfumo, akafungua ukurasa wa zulia, akashuka hadi chini kabisa, mahali ambapo mfumo huweka kumbukumbu ya kila badiliko. Walipoanza, yeye mwenyewe alisisitiza kila mtu awe na jina lake na nywila yake, ili ijulikane nani ameandika nini. Hakukuwa na haja ya kubahatisha. *Emilbek. Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi.* Barua yake yeye ilikuwa imeondoka saa nne na dakika ishirini.

Kando ya jina lile kulikuwa na kitufe cha kurejesha ukurasa ulivyokuwa. Alikibonyeza, na ukurasa ukarudi kama ulivyokuwa, kwa utii, picha moja, idadi kumi na mbili, kana kwamba hakuna aliyeugusa.

*

Alimkuta Emilbek zizini akiziba nyufa kwa samadi na majani. Alimpa simu asome. Kiingereza kilikuwa kikimshinda, kwa hiyo akamtafsiria, neno kwa neno, bila kupandisha sauti.

"Alikuwa tayari kuyachukua," alisema Emilbek.

"Ndiyo."

"Yote."

"Ndiyo."

Alipangusa mikono kwenye suruali, akaipangusa tena. "Ungeniambia kuhusu barua."

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Nawe ungeniambia kuhusu ukurasa."

"Nilisubiri utoke kwenda kazini," alisema. "Nilikaa kitandani na simu kama mwizi. Hata yale maneno ya pesa hazirudishwi niliyatoa kwenye tovuti ya mtu wa matairi, nikayatafsiri kwa simu." Alitaka kucheka na hakuweza. "Nilidhani nakuokoa usiwe wewe wa kudanganya."

Nurperi aliandika barua ya pili, akaeleza yote, hata habari ya mtu wa matairi. Bi Ragnhild alijibu kwa mistari miwili. Alisema anamwamini, na kwamba amesikitika. Lakini mume wake alikuwa amekwisha kuagiza mazulia ya kiwandani, kumi na mawili, na yalikuwa njiani.

Lori la Alhamisi lilipita bila kusimama.

*

Melis alikuja Ijumaa kwa gari lake, akaketi mahali pa heshima bila kukaribishwa mara ya pili. Nurperi alimimina chai kama inavyompasa mke wa nyumba, nusu bakuli, ili mgeni apate sababu ya kuomba nyingine, na kila alipoinama alisikia yote.

"Emilbek, ndugu yangu. Tajiri wa mtandao," alisema Melis. "Mwezi uliopita uliniletea pesa zangu kama mtu anayerudisha bakuli la jirani hata bila kuliosha. Nikasema haya, mtu kajipatia. Leo unaniita."

"Nataka nafasi, kaka."

"Ile ya Yekaterinburg nimempa kijana wa Kara-Suu. Ya ndani, ya kupiga plasta, joto kabisa. Iliyobaki ni Surgut. Kazi ya nje, vyuma. Kule ukitema mate yanaanguka yakiwa jiwe."

"Naijua baridi."

"Hiyo huijui." Akanywa. "Nitakupa laki tatu mkononi. Zitakatwa kwenye mshahara mpaka mwezi wa sita, na pasipoti nakaa nayo mimi. Sio kwamba sikuamini. Ni kwamba ulishaondoka mara moja." Akampa Nurperi bakuli bila kumtazama. "Mke wako alete ile kompyuta, aangalie kama kwenye mtandao kuna masharti bora."

Emilbek alisema hapana haja. Walihesabu laki tatu juu ya kitambaa cha chakula, kati ya mkate na siagi. Zikiongezwa zile zilizokuwa benki, zilitosha kumrudishia mama wa Norwei kila som yake, na wakabakiwa na za unga wa mwezi mmoja.

Kwa siku zote hizo Apa hakunyamaza. Hakupiga kelele, alisema kama anayeshona, pindo baada ya pindo. Alisema mbele ya Sairakan kwamba mkamwana wake alisoma hadi akasahau kuhesabu. Alisema mbele ya Ainaz kwamba baba yako anaondoka kwa sababu ya mashine ya mama yako. Alisema huko kwao alikozaliwa, makosa ya nyumbani hayakuwa yakitumwa Ulaya. Nurperi alikata nyama, akapepeta unga, akafua suruali nzito za Emilbek akaziweka karibu na jiko zikauke. Emilbek alikuwa akisikia yote. Kila mara alikuwa akitoka nje kwenda kuangalia farasi.

*

Gari la kikosi lilifika Jumapili asubuhi. Watu saba walikuwa tayari ndani, vioo vimefunikwa na mvuke wa pumzi zao. Apa alitoa mkate mzima, Emilbek akaumega kipande kimoja kama desturi inavyotaka, na uliobaki mama yake akaufunga kwa kitambaa ili umngoje.

Hapo ndipo Emilbek aliposema. Alisema akiwa ameinama juu ya begi, kwa haraka, kama mtu anayeshusha mzigo kabla haujamwangusha.

"Apa, ukurasa niliubadilisha mimi. Yeye alikuwa ameandika ukweli na yule mama alikubali kuyachukua yote. Mimi ndiye niliyeharibu."

Dereva alipiga honi. Emilbek alimbeba Ainaz, akamweka chini, akamgusa Nurperi begani mbele ya watu wote, jambo ambalo wanaume wa kwao hawalifanyi, akapanda.

Apa alisimama langoni hata gari lilipokwisha kukunja kona ya shule. Kisha aliingia ndani kwa hatua za mzee, ingawa alikuwa na miaka sitini na mmoja tu, akamkuta Nurperi amekwisha kufungua kompyuta mezani, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Siku zote hizi nimekusema," alisema Apa, "na wewe umenyamaza."

"Ndiyo, Apa."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaondoka."

Apa aliketi kando yake, kwenye kiti, si chini kwenye godoro lake alilolizoea. Kwa muda walitazama kioo pamoja. Nurperi alikuwa ameufuta ukurasa wa zamani, na mahali pake alikuwa akijaza kurasa mbili, moja ya zulia jeupe na nyingine ya zulia la kahawia. Mfumo ulimuuliza idadi. Akajaza sita. Ukamuuliza tena, akajaza sita.

"Na hapo penye nafasi?"

"Hapo ni maelezo. Nataka nieleze kwamba ni mapacha."

"Andika kwamba hayaachanishwi."

"Tukiandika hivyo hatuuzi, Apa. Mtu ana chumba kimoja, ana sakafu moja."

Apa alitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa na mikato midogo ya kisu katika kila kidole. Nje, Ainaz alikuwa akiwaambia kuku kwamba baba atarudi kuku wakiwa wakubwa.

"Basi andika yanaachanishwa," alisema.

Nurperi aliandika, kisha akamsomea kwa lugha yao: *Mazulia haya hukatwa mawili kwa kisu kimoja. Likinunuliwa moja, jingine hubaki kwetu.*

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Pale uliposema hubaki," alisema Apa, "hapafai. Kitu kinachobaki ni makombo. Sema hungoja."

Nurperi alilifuta neno, akaandika jingine, akabonyeza kuhifadhi. Mtandao ulikuwa hafifu asubuhi ile, na ukurasa ulichukua muda mrefu kufunguka. Wakakaa wote wawili, bega kwa bega, wakiutazama.